Kujipanga Nyumbani Ili Kichwa Kipumzike

Taa za nyumbani zinaweza kuzimika saa tatu usiku kwa sababu mbili. Ya kwanza, TANESCO wamekata umeme mtaa mzima. Hapo unawasha tochi ya simu na kusubiri kama majirani zako. Ya pili, uniti zimekwisha, na mita ilikuwa imeshatoa onyo tangu jana. Giza ni lile lile, lakini moyo hauumii sawa. Hili la pili linakuja na lawama: nani alipaswa kununua, kwa nini hakununua, nani ana salio la kununulia tokeni usiku huu, na watoto wana mtihani kesho asubuhi.

Nataka tuzungumze juu ya giza la aina hii ya pili. Maisha yana mashaka mengi ambayo hakuna daftari litakaloyazuia: mgonjwa wa ghafla, foleni ya Ubungo siku ya mvua, mwenye nyumba anayepandisha kodi bila taarifa. Lakini ukikaa ukayahesabu yaliyokukosesha raha mwezi uliopita, utakuta mengi ni mambo uliyojua yanakuja. Januari huja na ada, sare na madaftari kila mwaka. Mtungi wa gesi huisha. Bima ya gari ina tarehe yake, imeandikwa. Mambo kama haya yakitukuta kama ajali tunayalipia mara mbili, kwa fedha na kwa usingizi.

Chanzo kikubwa ni kwamba tunayaweka yote kichwani, na kichwa hakina nafasi hiyo. Mwaka 2001 mwanasaikolojia wa Marekani Nelson Cowan alipitia tafiti nyingi za kumbukumbu ya muda mfupi, akakadiria kuwa mtu huweza kushikilia kama mambo manne tu kwa wakati mmoja. Sasa mfikirie mama aliyesimama kwenye daladala saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anakumbuka dawa ya mama mkwe, mchango wa kikoba wa leo jioni, kikao cha wazazi cha Alhamisi, unga uliobaki kidogo, mtoto mwenye kikohozi, na ripoti ambayo bosi anaitaka kabla ya saa sita. Hajafika kazini na tayari amebeba zaidi ya uwezo. Anaposema amechoka wakati siku haijaanza, tumwamini.

Jambo lisilokwisha lina tabia ya kurudi na kubisha hodi. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha mwaka 1927, kutokana na majaribio aliyoyafanya Berlin, kwamba watu walikumbuka zaidi kazi walizokatishwa katikati kuliko zile walizozimaliza. Wataalamu waliofuata wamebishana kuhusu nguvu ya matokeo hayo. Kwa mtu mwenye nyumba ya kuendesha, faida kubwa zaidi imo katika utafiti wa E. J. Masicampo na Roy Baumeister wa mwaka 2011. Walionyesha kuwa kazi za kiporo huacha kuvuruga fikra za mtu mara tu anapopanga kwa uwazi atazifanya lini na kwa namna gani, hata kama bado hajazigusa. Yaani akili haidai kazi iishe usiku huu. Inadai kuhakikishiwa kwamba haitasahaulika. Kisha mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, waliwalaza vijana 57 maabara, nusu yao wakatumia dakika tano kabla ya kulala kuandika mambo wanayopaswa kufanya siku zijazo, nusu nyingine wakaandika waliyokwisha kuyafanya. Walioandika ya mbele walipata usingizi mapema zaidi, kwa kama dakika tisa, na kadiri mtu alivyoandika kwa undani ndivyo alivyosinzia upesi.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza ni daftari. Liwe moja tu, kaunta buku ndogo ya dukani, na lisitoke nyumbani au mkobani mwako. Vikaratasi kwenye mlango wa friji, ujumbe uliojitumia mwenyewe kwenye simu na maandishi ya kiganjani vinapotea au vinakuacha ukijiuliza uliandika wapi. Anayependa simu atumie simu, mradi asichanganye sehemu tatu tofauti.

Namna ya kuandika ndiyo yenye kazi. Watu wengi huandika mada: "Shule." "Gari." "Mama." Ukisoma neno kama hilo siku ya pili, wasiwasi unarudi wote kama ulivyokuwa, kwa sababu neno hilo halikuambii ufanye nini. Andika kitendo na wakati wake: "Jumanne saa nne, kumpigia mwalimu wa darasa kuuliza fomu ya afya." "Jumamosi kabla ya sokoni, kupeleka gari kwa fundi, breki ya nyuma." "Leo jioni, kumuuliza kaka kama mama amepewa tarehe ya kliniki." Unaona kuwa kila sentensi ina mtu, siku na kitendo. Ukishindwa kuiandika hivyo, basi jambo hilo bado hujaliamua, na hicho ndicho kinachokukosesha usingizi. Liamue kwanza, au andika siku utakayoliamua.

Mara moja kwa wiki, siku ambayo nyumba yako hutulia, lipitie daftari lote. Kwa wengine ni Jumapili jioni, kwa wengine ni Ijumaa baada ya swala. Yaliyokwisha yakate. Yaliyokaa wiki tatu bila kuguswa yaulize kwa ukali: je, ni lazima? Mengine utayafuta na dunia itaendelea. Nalisisitiza hili kwa sababu orodha isiyofutwa kitu hugeuka kuwa shitaka la kila siku, na mwenye nayo huishia kuifungia kabatini.

Yale yanayojirudia hayahitaji kukumbukwa hata kidogo. Yanahitaji siku yake. Chukua gesi. Ukifunga mtungi mpya, andika tarehe kwa maka peni kwenye kipande cha plasta na ukibandike ubavuni. Mitungi miwili au mitatu ikipita, utajua nyumba yako humaliza mtungi kwa siku ngapi, na hutashtuka tena sufuria ya maharage ikiwa nusu ya kuiva. Fanya hivyo kwa mchele, sabuni ya unga na mafuta ya kula. Kwa umeme, chagua siku mbili za mwezi za kununua uniti, badala ya kununua kidogo kidogo mita inapolia. Ukumbuke pia kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye LUKU, kwa hiyo manunuzi ya kwanza ya mwezi huleta uniti pungufu. Wapo wanaogombana na wapangaji wenzao kila mwezi kwa kutolijua jambo hilo dogo. Maji nayo, kwa sisi tunaoishi kwa mgawo, yawe na mtu wake na siku yake ya kujaza madumu na tenki, badala ya kila mtu kudhani mwenzake amejaza.

Funguo, chaja, miwani na kadi ya kazini vipewe mahali pamoja karibu na mlango. Msumari na kikapu vinatosha. Hilo halihitaji maelezo marefu. Usiku kabla ya kulala, sare ipigwe pasi, viatu viwekwe pamoja na soksi zake, chenji ya nauli ya mwanafunzi iwekwe kwenye mfuko wa shati. Asubuhi si wakati wa kufanya maamuzi.

Nyaraka ndizo zinazohitaji moyo zaidi, na hapa naomba msomaji asinipite haraka. Nyumba nyingi zina vyeti vilivyotawanyika: kimoja chini ya godoro, kingine kwa shangazi Morogoro, kingine ndani ya Kurani au Biblia, na mkataba wa kununulia kiwanja umo kwenye begi ambalo hakuna anayekumbuka liko wapi. Hali hiyo haisumbui hadi siku mtoto anapotakiwa kuandikishwa shule, au baba anapolazwa, au msiba unapoingia. Wakati huo huo ambao familia haina nguvu hata ya kula, ndipo watu wanapotakiwa kutafuta cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa na kadi ya benki. Nimeona ndugu wakikosana kwenye matanga kwa sababu ya karatasi, na ugomvi huo ungeweza kuzuiwa kwa bahasha.

Nunua faili la plastiki lenye mifuko, au hata bahasha kubwa za kaki, na umpe kila mtu wa nyumba mfuko wake. Ndani yake kiwemo cheti cha kuzaliwa cha RITA, kadi ya kliniki kama ni mtoto, vyeti vya shule, kadi ya bima ya afya na nakala ya kitambulisho cha taifa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na hakuna sababu ya mtu kuibeba kichwani. Mfuko wa mwisho uwe wa nyumba yenyewe: mkataba wa pango au hati ya kiwanja, risiti za vitu vikubwa, kadi ya gari, karatasi ya bima. Andika kwenye ukurasa wa mbele orodha ya akaunti za benki, vikoba, mfuko wa hifadhi ya jamii na madeni, yale unayodai na yale unayodaiwa. Namba za siri usiziandike. Toa nakala moja ya kila karatasi uiweke kwa ndugu unayemwamini, kwa sababu moto na mafuriko ya masika havichagui nyumba. Halafu lifanye lile ambalo wengi huliruka: mwambie mwenzi wako, au mtoto mkubwa, faili liko wapi. Siri ya faili ikibaki kwa mtu mmoja, haijasaidia kitu.

Sasa fedha. Simzungumzii mtu ambaye mshahara wake hautoshi hata chakula. Huyo anahitaji kipato kabla ya ushauri. Nawazungumzia wale ambao fedha inapita mikononi, lakini kila msimu unawakuta mikono mitupu. Chukua kalenda, uandike miezi kumi na miwili, na mbele ya kila mwezi weka gharama unazozijua: ada na sare za Januari, Ramadhani na Idi, Pasaka, pango la miezi sita kama mwenye nyumba wako anataka hivyo, bima, mbegu na mbolea kabla ya mvua kama una shamba, safari ya nyumbani mwezi Desemba, Krismasi. Jumlisha, kisha ugawe kwa kumi na mbili. Tuseme jumla ni shilingi 1,800,000. Hiyo ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Kiasi hicho kinatisha kukitazama, lakini ulikuwa unakilipa siku zote, sehemu kwa mkopo wa simu na sehemu kwa kuomba ndugu. Kitenge mbali na hela ya matumizi, kwenye akaunti nyingine, kibubu au kikoba. Wanaovunja kikoba mwishoni mwa mwaka wawe na uamuzi kabla ya siku ya mgao: fungu la Januari linatoka kwanza, kabla ya nguo za sikukuu.

Michango ya harusi na misiba iwe na fungu lake pia. Najua uzito wake. Kuchangiana ndiko kumetulea, na asiyemzika mwenzake hana wa kumzika. Hata hivyo, kinachotesa watu wengi ni kila kadi kuja na uamuzi mpya, simu za kamati na aibu. Amua mwanzoni mwa mwezi una kiasi gani cha michango, na ujiandalie maneno ya kusema bila kuyumba: "Nitachangia elfu ishirini, nawaombea shughuli njema." Ukishayasema, usirudi nyuma kwa kuona haya. Msiba wa karibu utavunja mpango wowote, na uvunje. Mpango uliwekwa ili siku kama hiyo iwe na akiba.

Kuna wanaodhani kuandika orodha ni dalili ya udhaifu, kwamba mtu makini hukumbuka mwenyewe. Hao nawapeleka Ifakara. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya hapo ilikuwa mojawapo ya hospitali nane duniani, pamoja na za London, Toronto na Manila, zilizojaribu orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya vyumba vya upasuaji kati ya mwaka 2007 na 2008. Ilikuwa na vipengele 19, vingi vya kawaida kabisa: je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Tunapasua sehemu gani? Dawa ya kuzuia maambukizi amepewa? Pamba na vifaa vimehesabiwa? Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Kwa jumla ya hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Wale walikuwa madaktari na wauguzi waliosoma miaka mingi, na bado karatasi iliwasaidia. Basi orodha fupi ya ukutani jikoni, "Kabla ya kutoka: gesi imefungwa, pasi imechomolewa, maji yamefungwa, funguo, chakula cha mtoto," haimshushii mtu heshima. Bomba lililoachwa wazi siku ambayo maji hayatoki, yakirudi saa nane mchana na nyumba haina mtu, linajaza sebule nzima.

Nimefika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko yote niliyotaja. Katika nyumba zetu nyingi, kichwa cha mtu mmoja kimefanywa ghala la familia nzima, na mara nyingi ni kichwa cha mama. Yeye ndiye anayejua chanjo ya mtoto ni lini, sukari imebaki kiasi gani, shati la nani limekatika kifungo, shemeji gani hajapigiwa simu tangu aumwe. Baba mwema husema, "Niambie tu nikusaidie nini." Kauli hiyo ina upendo ndani yake, lakini inamwachia mama kazi ngumu kuliko zote: kukumbuka, kuona mapema, kupanga na kuagiza. Mikono imeongezeka, kichwa kimebaki kimoja.

Dawa yake ni kukabidhi jambo zima, kuanzia kukumbuka hadi kumaliza. Baba akichukua afya ya watoto, basi kadi za kliniki anazo yeye, tarehe anazijua yeye, na siku ikifika ni yeye anayeomba ruhusa kazini. Asiulize "leo ni siku ya kliniki?" Kijana wa miaka kumi na mbili anaweza kukabidhiwa maji yote ya nyumba. Wa miaka minane anaweza kukabidhiwa viatu vya wote na taa za nje. Watakosea wiki za mwanzo, na ndoo zitakuwa tupu siku moja au mbili. Mama, usikimbilie kuwafanyia. Ukiichukua kazi mara ya kwanza inapoharibika, umejirudishia milele. Na dada wa kazi, kama yupo, apewe mpangilio wa wiki mapema, saa zake za kupumzika na siku yake ya kutoka, zikiwa zimeandikwa kwenye kalenda ile ile ya ukutani. Mtu anayeagizwa ovyo kuanzia alfajiri hadi usiku hana namna ya kujipanga, na msongo wake unarudi kwa watoto anaowalea.

Kikao kifupi cha familia, mara moja kwa wiki baada ya chakula, ndicho kinachoshikilia mambo haya. Kalenda ishushwe mezani. Kila mtu aseme wiki yake ina nini. Kisiwe mahakama ya makosa ya wiki iliyopita, la sivyo watoto watakikimbia.

Neno moja la tahadhari. Kujipanga kunapunguza msongo unaotokana na vurugu za kila siku. Hakuponyi sonona, wala huzuni ya kufiwa, wala hofu ya kuishi na mtu anayekupiga. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi hulali, huli, unalia bila sababu au unaona maisha hayana thamani, acha daftari kando uende hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili, na kwenda huko si aibu wala si wazimu. Na kama una mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo leo, usisubiri tarehe ya daktari.

Wengine wote, anzeni na kitu kimoja tu usiku huu. Anayebeba kila kitu peke yake na akae dakika tano, aandike yote yaliyomo kichwani, kisha aisome orodha hiyo kwa sauti mbele ya mwenziwe. Na wewe ambaye hujui ada ya mtoto wako inalipwa lini, wala kadi yake ya kliniki iko wapi, uliza usiku huu huu, na ukishajibiwa, lichukue jambo hilo liwe lako.